Roboti Yetu Mbele ya Mwethya

Vijana wangu mnaopeleka mashine kwa watu, kama mtanisikiliza kwa jambo moja tu kabla hamjarudi kwa simu zenu, liwe hili: soda ipeanwe baada ya maswali, si kabla. Mtu aliyekunywa soda yako huona haya kukuuliza kama hiyo mashine itamla. Atakunywa, atatabasamu, atachovya kidole kwa wino na kukuwekea alama kwenye fomu yako ya ridhaa. Wewe utarudi Nairobi ukisema jamii imekubali. Jamii haikukubali kitu. Jamii ilikuwa na kiu.

Mimi nimestaafu juzi tu, na nikiwaona mkipita hapa Makindu na pikap zenu zimejaa madroni na vijiroboti, nasikia mkono unaniwasha. Kwa karatasi nilikuwa afisa wa uhusiano wa jamii katika mradi wa utafiti wa roboti za shambani. Watu waliniita Mama Roboti. Wale niliowahi kununua ndengu kwao waliniita majina mengine, na sitayaandika hapa kwa sababu bado tunasalimiana kanisani.

Kabla ya roboti nilikuwa dalali wa nafaka na ndengu, zile choroko za huku kwetu. Nilinunua Kwa Vonza, nikauza huku Mombasa Road, na katikati nikabishana. Kazi hiyo nilifunzwa na Mzee Abdalla wa Kitui mjini, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani ukafungua duka na haukurudi tena. Alinifunza kupima kila gunia mara mbili. Kipimo cha kwanza, alisema, ni cha mizani, na cha pili ni cha mteja, maana mteja anataka kukuona ukipima. Tena alinikataza kufunga mlango wa duka mteja akiwa ndani, hata kama mvua inapiga. "Mteja asiyeweza kutoka dukani si mteja," alikuwa akisema, "ni mateka."

Daktari Njoki, mkuu wa mradi, alinipata sokoni. Alikuja kununua ndengu za mbegu. Tulipomaliza alisimama pale na gunia lake akanitazama. "Mama Kyalo, sijui kama wewe ndiye umeniuzia au mimi ndiye nimekuuzia." Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya biashara nzuri. Wiki iliyofuata alirudi na kazi. Nikamwuliza mshahara, akautaja, nikacheka. Akautaja tena.

Roboti yenyewe, kwa ambao hamkuiona, ilikuwa na kimo cha ndama. Magurudumu manne, sahani ya sola mgongoni, kamera mbili mbele, na mkono wa chuma chini ya tumbo. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya mistari ya ndengu, kutambua magugu na kuyang'oa bila kugusa mmea. Ilijifunza kutembea katika shamba tulilokodi karibu na Kiboko, mahali tambarare kama meza, na huko ilitembea kwa madaha kama bibi harusi. Mtu akiona mashine ikitembea hivyo Kiboko anadhani kazi imeisha. Kazi haikuwa imeanza. Watu walikuwa bado.

Baraza letu la kwanza lilikuwa Kwa Vonza. Daktari alitaka tuanze na video, na video yenyewe ilikuwa na muziki. Nikamwambia, "Daktari, hapa mtu akikuanzia na muziki, watu hushika mifuko." Hakunisikia. Muziki ukalia, watu wakashika mifuko. Ulipoisha akasimama Mzee Musyoka, mfugaji wa mbuzi mwenye sauti isiyohitaji kipaza.

"Hii kitu inakula nini?"

"Inakula jua, mzee," nikamjibu.

"Basi imekuja kwao. Hapa jua limetushinda kumaliza." Watu wakaangua kicheko. Akangoja kiishe. "Na ikikanyaga mbuzi yangu, nishtaki nani? Hii? Huyu daktari? Ama wewe mama ya ndengu?"

Daktari Njoki akasema kwa upole kwamba hilo bado linafanyiwa utafiti.

"Kumbe mbuzi yangu pia iko kwa utafiti," akasema Musyoka, akaketi.

Msicheke sana. Mzee yule aliuliza kwa mstari mmoja jambo ambalo wasomi wetu wanalikalia vikao. Na jibu lake hatukuwa nalo. Tangu siku hiyo nilijiwekea desturi ya kuanza na ubaya wa mashine. Nawaambia watu: betri yake hufa kukiwa na mawingu, kamera yake huona kila kitu, na kwenye mteremko hupinduka. Ukiuza mbuzi kilema, sema mguu mbovu ni upi kabla mnunuzi hajainama. Akiuona mwenyewe, ataanza kutafuta wa pili.

Hayo ya kamera nayo yalitufundisha kwa viboko. Mkutano wa pili, Daktari aliwaonyesha watu ukutani picha ambazo roboti ilikuwa imepiga kwenye mashamba ya pale Kwa Vonza, ili waone jinsi inavyotofautisha ndengu na magugu. Picha ya kwanza, ndengu. Ya pili, ndengu. Ya tatu, ndengu mbele, na nyuma yake mbuzi watano wakishiba katika shamba la jirani aitwaye Mutuku. Kando yao mzee ameegemea fimbo, akiwalinda wasisumbuliwe.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Musyoka.

"Hao ni mbuzi wanafanana na wangu," akasema.

"Na huyo mzee," akauliza Mutuku akisimama polepole, "pia anafanana na wewe?"

Jambo lilifika kwa chifu, likaisha kwa fidia, na Musyoka hakukana kosa. Lakini alinifuata nje, na hakuwa na mzaha. "Mbuzi walikosa, nimelipa. Sasa niambie wewe. Mtu akinipiga picha, namwona uso, naweza kumwambia acha. Hii ilinipiga nikidhani ni kitu kimewekwa tu pale. Ingenipata nikioga?"

Tukabadilisha utaratibu. Kila picha ikawa inatazamwa na watu wawili kabla haijaonyeshwa popote, na yenye mtu inafutwa. Na roboti ikafungwa kengele ya mbuzi shingoni, ili mtu ajue jicho linakuja. Wahandisi waliona aibu. Walitaka itoe sauti ya kisasa. Nikawaambia sauti ya kisasa hakuna mtu huku hugeukia. Kengele alituuzia Musyoka mwenyewe, kwa bei ya kulipiza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikubishana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo likitajwa bado natembea nimenyoosha shingo.

Baada ya Kiboko na Kwa Vonza, Daktari alitaka kuijaribu roboti mlimani, kwenye matuta ya upande wa Nzaui. Huko watu hawalimi mmoja mmoja. Kuna mwethya: leo tuko kwako tunachimba matuta, kesho kwangu, kila mtu na jembe lake, na asiyeweza kuja hutuma mtu badala yake. Mwenyekiti wa mwethya tuliouendea aliitwa Mwaitu Syombua, yaani Mama Syombua kwa Kikamba, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikusikiliza macho yakiwa kwa jembe lako kuona kama limenolewa.

Walitukaribisha. Roboti ikahitaji mwalimu. Yaani mtu wa kutazama picha kwenye tableti na kugusa kila mche: huu ndengu, huu gugu, huu ndengu, huu gugu, mpaka mashine ijue udongo na mimea ya huko. Tukauliza nani anajua kupalilia kuliko wote, na wote wakasema Kamene.

Kamene alikuwa mjane wa makamo na kipande cha shamba kisichotosha hata kuku kugombana. Aliishi kwa kibarua cha kupalilia mashamba ya wengine, na kwa jembe hilo mabinti zake wawili walikuwa shuleni. Tukampa tableti na malipo mazuri. Akaketi kwenye ukingo wa tuta, akagusa picha kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anayechambua mchele. Asubuhi nzima. Halafu akaiweka tableti chini kwenye nyasi.

"Mama Kyalo. Hii kazi ninafanya ni ya nini?"

"Unaionyesha mashine magugu."

"Ikishayajua?"

"Itapalilia."

"Na mimi?"

Daktari Njoki alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza nimwambie teknolojia huleta kazi zingine. Vijana, mimi nimeuza nafaka miaka mingi, na naijua sauti ya ahadi isiyo na gunia nyuma yake. Nikamwambia Kamene, "Sijui."

"Wewe hujui," akasema, "na ndiwe unalipwa kujua."

Jioni hiyo alilipeleka jambo kwa mwethya. Kesho yake tukaitwa. Walikuwa wametoka tu kuchimba, wameketi kwenye udongo mpya, majembe yamelazwa kando, na roboti imesimama katikati yao kama mshtakiwa. Mwaitu Syombua hakuamkia sana.

"Hapa sheria ni ndogo. Mtu akituma mwingine kwa mwethya, makosa ya huyo aliyetumwa ni ya aliyemtuma. Akikata mche, akivunja tuta, akitukana mtu, tunaenda kwa aliyemtuma. Hii imetumwa na nani?"

Sikumjibia Daktari. Alisimama mwenyewe. "Imetumwa na mimi, Mwaitu."

"Wewe ni wa mwethya?"

"Hapana."

"Sasa hii imetumwa na mtu ambaye hatumjui. Jembe lako liko wapi?"

Daktari akanigeukia. Nikatazama mlima. Kuna maswali ambayo mtu wa uhusiano hamsaidii mkubwa wake.

Basi Daktari Njoki, mwenye shahada nyingi, alinunua jembe Makindu, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye mstari na akina mama wa Nzaui akichimba tuta la mtu mwingine. Walimcheka bila huruma. "Daktari, udongo si kompyuta, hauna mahali pa kubonyeza urudi nyuma!" "Mwacheni, anatafuta mtandao huko chini!" Mikono yake ikafanya malengelenge, yakapasuka, akafunga leso, akarudi. Watu hawakuanza kuongea naye siku ya kwanza. Lakini zamu ilipozunguka na kila mtu akawa amemwona shambani mwake, Mwaitu Syombua akasema sasa tunaweza kuketi, kwa sababu sasa kuna mtu wa kuuliza.

Kamene ndiye aliyesimama.

"Mimi sichukii hii mashine. Haijanikosea. Lakini nisikilizeni. Hapa mwanamke anateka maji, nani humlipa? Hakuna. Anabeba samadi mgongoni kupanda matuta, nani humlipa? Hakuna. Anaokota kuni, hakuna. Kupalilia ndiyo kazi pekee ya jembe ambayo jioni mtu anakuwekea pesa mkononi. Nyinyi mmesoma. Mmetoka mbali. Mmepita kazi zote zisizolipa, mkaja kuchukua ile moja inayolipa. Mbona?"

Nimehudhuria mikutano mingi ya maadili ya teknolojia, mingine kwenye mahoteli yenye maua mezani, na sijasikia swali lililonyooka hivyo.

Daktari akanivuta kando. "Mama Kyalo, wafadhili walitoa pesa za mashine ya kupalilia. Nikibadilisha, naweza kukosa zote. Wewe pia utakosa kazi."

"Hawa watu wanaweza kukataa?"

"Fomu inasema wanaweza."

"Fomu inasema. Wewe umewahi kuona mtu akikataa?"

Hapo nikamkumbuka Mzee Abdalla na mlango wake wa duka. Nikarudi kwa watu, nikawaambia kwa Kikamba, polepole, ili hata mzee wa mwisho asikie: mnaweza kusema hapana. Mkisema hapana, kesho hii kitu inapandishwa kwa pikap na inaondoka. Hakuna mtu atakosa mbegu za msaada, hakuna jina litakalofutwa mahali popote, na mimi nitakuja hapa kununua ndengu kama zamani na kuwapunja kama zamani.

Wakacheka. Daktari hakucheka, maana kidogo cha Kikamba alikuwa ameshakielewa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona gunia lake likifunguliwa na mwingine.

Nikarudia yote mara ya pili. Hiyo ndiyo tabia yangu.

"Sasa ndiyo umeanza kuongea," akasema Mwaitu Syombua.

Na tukapatana. Vijana, nimewahi kupatana bei ya lori zima la mahindi na askari wa barabarani akisubiri, lakini hakuna kupatana kulikonipa jasho kama kule kwa siku ile. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, uliwekwa jikoni tukiongea, ukaiva tukiongea, ukapakuliwa tukiongea. Wao walitaka mkono wa chuma ung'olewe. Daktari akaomba ubaki umefungwa. Wakataka ung'olewe. Ukang'olewa. Wakataka mashine ivute tela: samadi kabla ya mvua, mitungi ya maji wakati wote, na izunguke kwa zamu kama mwanachama yeyote, mwenye pesa asipate siku ya ziada. Daktari akakubali, akaomba waturuhusu kupima jinsi inavyopanda mteremko. Wakakubali, bila picha za watoto.

Mwisho Kamene akataka picha zote alizozifanyia kazi zifutwe mbele ya macho yake.

Hizo picha ndizo zilizokuwa na thamani kuliko mashine yenyewe. Daktari akasema, "Nitazifuta. Lakini sitakudanganya, Kamene. Siku moja mtu mwingine, mahali pengine, atatengeneza mashine ya kupalilia, na itafika mpaka hapa. Hilo siwezi kulizuia."

"Hilo najua," akasema Kamene. "Ikija, ije. Lakini haitakuwa imejifunza kwa kidole changu."

Tableti ikaletwa. Zikafutwa, na nakala zilizokuwa kwenye laptop zikafutwa. Kamene akaomba aonyeshwe tena kwamba hazipo. Nilimpenda sana kwa hilo.

Daktari alirudi Nairobi kuwaandikia wafadhili. Nilingoja Makindu nikihesabu magunia yangu ya zamani, nikijua huenda nitayahitaji. Mhandisi mmoja kijana alinipigia simu kunilaumu. Alisema tumechukua roboti ya akili ya juu tukaifanya punda. Nikamwambia punda wa huku aliheshimika kabla babu yako hajavaa kiatu. Jibu la wafadhili lilipokuja, walikuwa wamepunguza sehemu ya pesa na kuacha sehemu. Walitaka kujua zaidi kuhusu mwethya. Daktari akawaandikia kwamba hawezi kueleza vizuri akiwa ameketi, waje na majembe.

Mambo mengine hayakwenda sawa, msidhani nawauzia asali. Tela lilipinduka mara ya kwanza likamwaga samadi mlangoni kwa mchungaji. Wazee wawili walisusa kwa sababu wake zao walikuwa wameanza kurudi nyumbani mapema na kuuliza maswali. Lakini roboti ilipanda yale matuta na mzigo, zamu kwa zamu, na migongo iliyokuwa ikibeba mzigo ule sasa ilikuwa imenyooka.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikwenda Nzaui kuaga. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, ndengu zimefika kifundo cha mguu, na msimu wa kupalilia ulikuwa umeiva. Kamene alikuwa kwenye kibarua katika shamba la mwalimu mmoja, ameinama kwenye mstari uliokata njia ya matuta. Roboti ikaja ikipanda na mitungi ya maji. Imetengenezwa isimame ikiona mtu mbele yake. Ikasimama, hatua chache kutoka mgongoni kwake, taa yake ikiwakawaka.

Kamene hakugeuka.

"Kamene!" mtu akaita kutoka tuta la juu. "Si uondoke kidogo ipite?"

"Ina haraka ya kwenda wapi?" akajibu, jembe likiendelea. "Ina watoto wa kupikia?"

Watu wakacheka mlimani kote. Daktari Njoki alikuwa ameketi kando yangu, na mkononi alikuwa na kile kidude cha kuiamuru roboti ipite njia nyingine. Nilimwona akikitazama. Kisha akakitia mfukoni.

Kamene alipalilia mstari ule mpaka mwisho, akang'oa gugu moja alilokuwa amelipita, akakung'uta udongo kwenye jembe, ndipo akasogea. Roboti ikapita na maji yake.